Banio

Neno «banio», ambalo wingi wake ni mabanio, limetokana na kitenzi «bana» kama vile «chujio» lilivyotokana na «chuja», na wakulima wa skimu za umwagiliaji hulitumia kwa kizuizi kinachojengwa kukatiza mto ili maji yapande kina na kuingia mferejini. Banio si bwawa, kwa kuwa bwawa huhifadhi maji, ilhali banio huyainua tu na kuyaacha yapite juu yake au katika malango yake. Magazeti huyachanganya maneno haya mawili mno.

Kwa wasomaji wa Namanyere, mji ulio karibu na Ziwa Tanganyika, neno hili lina uzito kwa sababu ya Lukuga, mto pekee unaotoa maji katika ziwa hilo, unaoanzia Kalemie na kuelekea Lualaba, na ambao serikali za Tanzania na Kongo zimejadili kuujengea banio. Mwaka 1876 mvumbuzi Stanley aliukuta mdomo wa Lukuga umezibwa na matope na majani, na miaka michache baadaye maji yalikwishapasua njia, ziwa likashuka. Kina cha ziwa kikishuka, gati hubaki kavu na meli hukaa mbali, abiria wakifuatwa kwa mitumbwi huku magunia yakipandishwa kwa kamba. Kikipanda, kama mwaka 2021, mitaa ya Bujumbura hufurika. Kwa hiyo banio lisilo na malango lingetibu ugonjwa mmoja tu.

Kituo cha kupandishia meli mtoni, chenye chumba kinachojazwa na kupunguzwa maji kati ya malango mawili, ni kitu kingine, na hakistahili kuitwa banio.