Kompyuta inavyopima mbinu za kuteua fahali wa nyama

KUTEUA fahali wa mbegu ni uamuzi ambao mwenye ranchi huishi nao kwa miaka mingi. Katika nyanda kavu za Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta, zenye ranchi kama Lualenyi na Mgeno, fahali mmoja aweza kupanda ng'ombe 25 kwa msimu. Asipofaa, kasoro yake hudhihirika baada ya ndama kukua, na mitamba aliowazaa wamekwisha kuingia kundini.

Ndiyo maana wataalamu hujaribu mbinu za uteuzi kwanza ndani ya kompyuta. Programu huunda kundi la kubuni, humpa kila mnyama kiwango chake cha urithi, kisha huendesha vizazi vya miaka 20 au zaidi kwa muda mfupi. Mbinu tatu hulinganishwa mara nyingi.

Ya kwanza ni kumteua fahali kwa uzani wake mwenyewe. Ni rahisi, lakini takriban theluthi moja tu ya tofauti za uzani hutokana na urithi. Sehemu kubwa huletwa na malisho, maji na maradhi.

Ya pili ni kupima watoto wake. Ina usahihi zaidi, ila ndama wakipimwa wakiwa na miezi 18, fahali aliyeanza kupanda akiwa na miaka miwili huwa amepita miaka minne.

Ya tatu ni BLUP, iliyoasisiwa na Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Hukusanya rekodi za mnyama na jamaa zake wote, na kutenganisha urithi na athari za msimu.

Kwa kawaida majaribio ya kompyuta huonyesha kwamba BLUP huboresha kundi kwa kasi zaidi. Hata hivyo, isipowekewa mipaka huteua mafahali wa ukoo mmoja, na ng'ombe wa damu moja wakizaana, rutuba na uhai wa ndama hupungua.

Nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton walifanya hesabu za aina hii kuhusu ng'ombe wa Boran katika miaka ya 2000, wakizingatia pia uzazi na uhai, si uzani pekee.

Lakini BLUP hutegemea nasaba. Mahali ambapo mafahali kadhaa huachiliwa pamoja kundini, baba wa ndama hajulikani. Kwa ranchi kama hiyo, hereni zenye nambari, daftari la uzazi na kutenga fahali mmoja kwa kila kundi hutangulia kompyuta.