Kisu cha Mfukoni

Nilipokuwa mtoto huko Muheza, karibu kila mwanamume mzima alikuwa na kisu mfukoni. Hakukihesabu kuwa silaha. Alimenyea chungwa, alikatia kamba ya mbuzi, alichongea kijiti cha kuchokolea meno, kisha akakikunja na kukirudisha mahali pake kama mtu arudishavyo miwani. Leo hii mwenye kisu cha kukunja ni nadra, na akionekana nacho huulizwa anakusudia nini. Sikuwa na haja ya kulifikiri jambo hili mpaka mjukuu wangu, aliyeamua kujifunza kazi ya kubebesha michungwa, aliponiambia: "Babu, nichagulie kisu kizuri." Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua majuma matatu.

Nianze na kovu langu. Lipo kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, na nililipata mwaka 1962 nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilinunua kisu kidogo gulioni kwa fedha niliyoidunduliza, kizuri kwa macho, mpini unang'aa. Ndani hakikuwa na kitu cha kuuzuia ubapa ila springi dhaifu. Nikajaribu kutoboa kifuu cha nazi kwa ncha yake. Ncha ilipogoma, ubapa ukajikunja ukarudi kwenye kidole changu. Hayati baba hakunipiga. Alinifunga kitambaa, akakichukua kile kisu, akakitazama, akasema, "Mwanangu, kisu kisichosimama kinamkata mwenyewe kwanza."

Cha kwake kilikuwa Okapi, cha mpini wa mti wenye alama za mwezi na nyota. Ukikifungua kililia kra-kra-kra, meno yake yakikamata moja baada ya jingine, na hakikukunjika mpaka uvute pete ya chuma iliyo mgongoni. Baba alikipata alipokuwa kibarua wa mashamba ya mkonge. Miaka mingi niliamini kuwa ni kisu cha Kiafrika, kwa jina lake la mnyama wa misitu ya Kongo. Kumbe kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao, nasi Tanganyika tukiwa mojawapo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Hivyo kisu kilichoundwa kwa soko la watawaliwa kimewazika watawala, na sasa kinafuliwa Afrika yenyewe.

Kisu cha kukunja chenyewe ni cha kale mno. Warumi walikuwa navyo, vyenye mipini ya mfupa na ya shaba. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, kimehifadhiwa kimoja cha karne ya 3 chenye ubapa, kijiko, uma na vikorokoro vingine, vyote vikikunjwa pamoja. Kwa hiyo anayedhani kwamba kisu chenye zana nyingi ni uvumbuzi wa juzi, akumbuke kwamba wako waliosafiri nacho karne kumi na saba zilizopita.

Waswisi hawakukivumbua, bali walikitengeneza upya. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya askari. Askari alihitaji kufungua kopo la chakula na kufungua bunduki yake aisafishe, basi kisu kikawa na kifungulia kopo na bisibisi. Mwaka 1897 Elsener aliandikisha kisu cha afisa, chepesi zaidi, ambamo springi ileile ilishika zana za pande zote mbili. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, aliipa kampuni jina lake. Na mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, neno la Kifaransa la chuma hicho likaunganishwa na jina la mama, ikawa Victorinox. Nimependa kuwa kisu mashuhuri kuliko vyote duniani kina jina la mama wa mtu.

Chuma hicho nacho kina kisa chake. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipochanganya takribani asilimia 13 ya kromiamu, akaona kwamba chuma kile hakidhuriwi na siki wala maji ya limau. Yeye alikuwa mwana wa mji wa wafua visu, akatambua mara moja kuwa mahali pake ni mezani. Kwetu sisi wa machungwa habari hii si ndogo. Kisu cha chuma cha kawaida, ukimenyea machungwa kumi bila kukifuta, huwa cheusi. Ukikilaza hivyo, asubuhi kina kutu. Lakini chuma cha kawaida kina sifa yake: hunoleka upesi, hata kwenye jiwe la mtoni, na makali yake ni membamba. Kila kimoja kina deni lake, na mnunuzi huchagua deni atakaloweza kulilipa.

Wa tatu ni wa milimani Savoie, Ufaransa. Joseph Opinel, mwana wa fundi wa zana za shamba, alibuni kisu chake mwaka 1890 akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Ni mpini wa mti, ubapa mmoja na pini ya kuuzungushia, basi. Mwaka 1897 akavitengeneza kwa ukubwa wa namba 1 hadi 12, mkulima na mtoto wake kila mmoja apate cha mkono wake. Pungufu lake lilikuwa lile lile la kisu changu cha gulioni, hakikuwa na cha kukizuia. Ilikuwa mwaka 1955 Marcel Opinel alipokiongezea pete inayozungushwa shingoni, nayo ikaufunga ubapa usirudi kwenye vidole. Miaka saba baadaye mimi nilikatwa kwa kukosa kipande kidogo kama hicho.

Basi nimchagulie kijana kipi? Mwenyewe alitaka Okapi, na nilipomuuliza sababu, alicheka akaigiza mlio wake: kra-kra-kra. Hapo nikasita. Mlio ule ule uliokuwa ukiniambia kwamba baba ameketi na chungwa, umekuwa katika miji ya Afrika Kusini, na hata Jamaika, mlio wa kutisha watu vichochoroni. Kisu hakina kosa, lakini kijana anayekifungua ili kisikike bado hajakihitaji.

Cha Waswisi kingemfaa karani, fundi redio au msafiri. Kwa matumizi ya kila siku ya watu wengi ndicho ningekitaja kwanza. Lakini vile vidogo vingi havina komeo, na mbebeshaji hushinda amesukuma kisu: hukata gome la mche wa limau kwa umbo la herufi T, huinua gome kwa ncha, hulitia jicho la mchungwa, hufunga kwa ukanda wa nailoni, kisha mche wa pili, hadi jua litue. Nikamchagulia cha Kifaransa, namba 8, chenye ubapa wa sentimeta 8.5, cha chuma kisichoshika kutu kwa sababu ya yale machungwa. Nilimwonya kwamba mti wa mpini hunywa maji na kuvimba wakati wa masika, kisu kikawa kigumu kufunguka. Asikiloweke, akipake mafuta kidogo.

Kisu cha baba sinacho. Nilikibeba miaka kumi na sita baada ya kifo chake, hadi mwaka 2003 nilipokwenda kupanda ndege nikakisahau ndani ya mfuko wa koti. Tangu mashambulizi ya mwaka 2001 kule Marekani visu vimekatazwa ndani ya ndege, nami nililijua hilo. Kijana aliyenikagua alikuwa na adabu, akasema, "Samahani mzee," akakitia ndani ya sanduku lililojaa mikasi na nyembe. Sikumwambia kilikuwa cha nani. Nilipofika kwenye kiti nilijipapasa mfukoni, kama ninavyojipapasa hadi leo.

Mjukuu wangu alipokipokea cha kwake, alikizungusha pete, akausukuma ubapa kwa kidole gumba kuona kama utarudi. Haukurudi. "Babu, hiki hakilii," akasema, akisikitika kidogo. Nikamwonyesha kidole changu cha shahada, nikamweleza kovu lile limetoka wapi. Alilitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama ninacho kinoo, na mimi nikaenda kukitafuta.