Ndovu na bia: Kwa nini Wakenya hughadhabika mtalii anapodhuru mnyama

MNAMO Julai 2025, kanda ya video iliyoenea mitandaoni ilimwonyesha raia wa Uhispania akinywa bia, kisha akimmiminia ndovu iliyosalia kwenye mkonga, katika hifadhi ya Ol Jogi, Kaunti ya Laikipia. Wakenya wengi walighadhabika, wakataka achukuliwe hatua. Kanda hiyo iliondolewa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likatangaza uchunguzi.

Mei mwaka huo huo, vijana wawili wa Ubelgiji walioingia nchini kama watalii walitozwa faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na takriban wadudu 5,000 aina ya chungu, wakiwa hai.

Ghadhabu hizo zina chimbuko. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka adhabu kali mno: faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Raia wa kawaida anaijua sheria hiyo. Ndiposa anapomwona mgeni akifanya mzaha na ndovu, huuliza iwapo sheria ni ya wenyeji pekee.

Swali hilo lina uzito katika maeneo kama Kapsokwony, Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Katika mbuga ya mlima huo, iliyobuniwa 1968, ndovu huingia gizani katika mapango ya Kitum na Makingeny, wakichimbua kwa pembe mawe yenye chumvi na kuyala. Majangili waliwaua wengi katika miaka ya 1970 na 1980.

Madhara ya mzaha hayaishii kwenye kileo. Ndovu anayezoea kupokea vitu mikononi mwa watu hupoteza woga, na huenda akawasogelea wakulima na watoto. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori. Hivyo, mgeni hurejea kwao na picha zake, huku hatari ikibaki kwa jirani wa mbuga na kwa mnyama mwenyewe.