Kaisari Julian na Maskini wa Galatia
Mwaka 362, Kaisari Julian, aliyeuacha Ukristo na kuirudia miungu ya kale, alimwandikia Arsacius, kuhani mkuu wa Galatia, akilalamika kwamba Wakristo waliwalisha maskini wao na wa wapagani pia. Ushahidi wa hasimu una uzito, ingawa baadhi ya wanahistoria wameutilia shaka uhalisi wa barua hiyo. Aliagiza nyumba za wageni katika kila mji na vipimo 30,000 vya ngano kila mwaka, sehemu kubwa iwe ya wageni na ombaomba. Tena alimtaja Homer kuthibitisha kwamba ukarimu ulikuwa desturi ya Wagiriki tangu zamani. Walichokosa wapagani, basi, kilikuwa chombo cha kuugawa wema wao. Na chombo hicho kiliundwa kwa amri ya mtawala aliyefariki mwaka uliofuata, vitani dhidi ya Waajemi.