Bitana ya Ndani: Vyombo vya Nchi ya Chai, kutoka Sotet hadi Mwani

Historia ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, kwa kawaida husimuliwa kwa kulifuata jani, tangu mche unapopandwa hadi chai inapouzwa mnadani, na ni nadra kwa msimuliaji kukitazama chombo kilicholibeba. Hata hivyo, katika nchi ya Wakipsigis chombo kina historia ndefu kuliko chai yenyewe, na anayeifuatilia historia hiyo kutoka vilima vya Kabianga, Kericho, anakutana kila mara na swali moja: ndani ya chombo kumepakwa au kumetandikwa nini ili kilichomo kisiharibike? Sehemu hiyo isiyoonekana, ambayo katika makala haya itaitwa bitana kwa kuifananisha na kitambaa kinachoshonewa ndani ya koti, ndiyo iliyoamua ubora wa kila chombo, na ndiyo inayotakiwa kupimwa leo mwani wa baharini unapopendekezwa kuchukua nafasi ya plastiki.

Chombo cha kale kinachojulikana zaidi ni sotet, yaani kibuyu cha kuhifadhia maziwa, ambacho hutokana na tunda la mmea utambaao, likakaushwa na kutolewa nyama na mbegu zake. Kibuyu kitupu hakikutosha, kwa kuwa maziwa yaliyotiwa humo yangechacha ovyo. Kwa hiyo kijiti cha senetwet, mti mdogo wenye maua ya manjano uotao kandokando ya mashamba, kilichomwa ncha hadi kikawa kaa la moto, kikaingizwa ndani na kusuguliwa ukutani mpaka masizi laini yakashika pande zote. Masizi hayo yaliyapa maziwa yaliyogandishwa, ambayo ndiyo mursik, rangi ya kijivu na harufu yake ya pekee, na yaliyasaidia yakae siku nyingi bila kuoza. Wanariadha warudipo nyumbani na ushindi hulakiwa kwa mursik hadi leo, na wengi wanaoitazama desturi hiyo hawajui kwamba mbele yao pana teknolojia kamili ya ufungashaji. Sotet ilipopasuka ilishonwa, na iliposhindikana kushonwa ilitupwa shambani ikarudi kuwa udongo, kaa lake likiwa ni mti uliorudi ulikotoka.

Chai ilikuja na mahitaji mengine. Makampuni makubwa ya Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920 juu ya ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wenyeji wake, na jeraha la unyang'anyi huo halijapona. Chai nyeusi inapotoka kwenye kikaushio hubaki na unyevu wa takriban asilimia 3 tu, na kwa sababu hiyo huvuta maji na harufu kutoka hewani kwa pupa. Kericho ni mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri, na safari ya kuteremka hadi pwani kwa reli, kisha kuvuka bahari, ilikuwa ndefu. Jawabu lilikuwa sanduku la mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, lenye kingo za bati, ambalo biashara ya chai duniani ilikuwa imekwisha kulizoea. Ndani yake kulitandikwa karatasi ya madini, ambayo hapo zamani ilikuwa ya risasi na baadaye ikawa ya alumini. Mbao zilibeba uzito, lakini karatasi ile ndiyo iliyoiokoa chai.

Wakulima Waafrika wa eneo hili, waliozuiwa kwa miongo kadhaa kupanda chai yao wenyewe, walifunguliwa mlango polepole katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA. Upanuzi huo ndio ulioleta plastiki hadi mlangoni pa mkulima, na haukuipitisha dukani bali kitaluni. Miche ilipoanza kuzalishwa kwa vipandikizi vilivyokatwa kwenye michai bora, badala ya mbegu, kila kipandikizi kilihitaji mfuko wake mdogo wa polithini wenye udongo, na vitalu vikafunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyo angavu ili kutunza unyevu. Mche ulikaa humo miezi mingi, mfuko ukapasuliwa siku ya kupanda, na vipande vyake vikabaki shambani. Hakuna hesabu ya kitaifa inayokumbuka vipande hivyo.

Upande wa mavuno mabadiliko yalikuwa tofauti kidogo. Kikapu kilichosukwa kilikuwa na faida ambayo mchumaji aliijua kwa mkono wake: kilipitisha hewa. Majani mawili na chipukizi, yakishindiliwa kwenye mfuko usiopumua, hupata joto na kugeuka rangi kabla ya kufika kiwandani. Ndiyo maana hata vikapu vya plastiki vilivyokuja baadaye vilitengenezwa vikiwa na matundu, vikiiga umbo la kile vilichokiondoa. Sanduku la mbao nalo liliondoka katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, likipisha gunia la karatasi ngumu la tabaka kadhaa, jepesi na rahisi kupangwa melini. Mtu akilitazama kwa nje huliona ni karatasi tupu, ilhali ndani yake mna bitana ya alumini au plastiki iliyounganishwa na karatasi kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi ngumu.

Ni kwa kuijua bitana hiyo ndipo sheria ya Kenya ya mwaka 2017 inaeleweka vizuri zaidi. Baada ya majaribio ya 2007 na 2011 yaliyolenga mifuko myembamba na kushindwa kutekelezwa, tangazo la serikali la Februari 2017 lilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti mwaka huo, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019. Marufuku ya Kenya yalifanikiwa katika kile kinachoonekana, kwa maana ya mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye nyaya na kuziba mitaro. Plastiki iliyojificha ndani ya vifungashio vya viwandani haikuguswa. Baadhi ya vifuko vya chai vya kutumbukiza kikombeni, vinavyoonekana kuwa vya karatasi, hufungwa kwa joto kwa msaada wa nyuzi za plastiki. Vingine ni vya plastiki tupu, na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walionyesha kwamba kifuko kimoja cha aina hiyo katika maji ya moto hutoa mabilioni ya chembe ndogo mno za plastiki. Mnywaji huinywa bitana pamoja na chai.

Mwani unaingia katika historia hii ukitokea upande wa pili wa njia ya chai. Kilimo chake cha kibiashara katika Afrika Mashariki kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwenye fukwe kama za Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino na baada ya utafiti ulioanzishwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi wakati maji yametoka, wakavuna baada ya wiki sita hivi. Mwani huu mwekundu hutoa karajinani, gundi inayotumika kuvipa vyakula uzito, na mwani wa kahawia wa bahari za baridi hutoa aljineti. Zote mbili ni sukari ndefu zinazoyeyuka majini na kugeuka utando. Aljineti ikikutana na chumvi ya kalisiamu, minyororo yake hushikana na kuganda papo hapo. Kwa njia hiyo kampuni ya Notpla ya London ilitengeneza vifuko vya kinywaji vinavyolika, vikagawiwa kwa wakimbiaji wa mbio za London mwaka 2019, na baadaye ikaanza kuipaka kadibodi ya vyakula bitana ya mwani badala ya plastiki.

Je, bitana hiyo ingeihifadhi chai ya Kericho? Jibu la haki ni kwamba si kwa hali yake ya sasa. Utando wa mwani huzuia mafuta na hewa vizuri, lakini huyapenda maji, na chai haina adui mkubwa kuliko unyevu. Kwenye kitalu cha miche, kinachomwagiliwa kila siku kwa miezi mingi, ungedhoofika kabla ya mche kukomaa. Nafasi yake halisi kwa sasa ni kwa vitu vya muda mfupi, kama chakula cha kununuliwa na kuliwa mara moja, ambako plastiki hudumu miaka mingi kwa ajili ya matumizi ya dakika chache. Kasoro nyingine haina budi kusemwa pia, nayo ni kwamba kamba za mashamba ya mwani, pamoja na vile vikamba vidogo viitwavyo tai-tai, kwa kawaida ni za plastiki, na zikikatika huchukuliwa na mawimbi. Aidha, joto la bahari linalozidi limeua kwa wingi ile aina yenye bei nzuri zaidi, inayojulikana kwa wakulima kama kotonii.

Nchini Kenya mwani hulimwa Kibuyuni na vijiji vingine vya kusini mwa Kwale. Hukaushwa, hufungwa kwa marobota na kuuzwa nje, na kazi ya kuugeuza gundi au utando hufanywa ng'ambo. Kaskazini ya hapo, Mombasa, ambako mnada wa chai uliwekwa mwaka 1969, magunia ya chai kutoka Kericho na Bomet hupakiwa melini kwa namna iyo hiyo, sehemu kubwa ya chai hiyo ikiwa haijachanganywa wala kutiwa kwenye pakiti, ili ivishwe bitana yake ya mwisho na jina lake la biashara katika nchi nyingine.