Chumvi Hizi, Si Chumvi Hii

Ukipanda barabara ya Sake kuelekea Mushaki na Karuba, huko Masisi mashariki mwa Kongo, unaingia nchi ya ng'ombe na fromaji. Kamusi zinasema jibini. Goma nzima inasema fromaji, na sina ugomvi na Goma. Neno linalonisumbua ni chumvi, kwa sababu kwenye sufuria ya fromaji linaficha kazi mbili zinazopingana.

Takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Hiyo ni polima, minyororo mirefu ya molekuli iliyojikusanya katika vitonge visivyoonekana kwa macho. Kila kitonge kimeota vinywele vyenye chaji hasi, ndiyo maana vitonge husukumana na maziwa hubaki majimaji. Kimeng'enya cha tumbo la ndama huvikata vinywele hivyo. Kazi imekwisha? Bado. Yatilie maziwa sitreti ya kutosha kukamata ioni za kalsiamu: vinywele vitakatika vizuri, na maziwa hayataganda. Kalsiamu, yenye chaji mbili chanya, husaidia kitonge kushikana na kitonge. Imo ndani ya maziwa kwa umbo la chumvi ambazo ulimi hauzitambui.

Chumvi ya jikoni ina tabia nyingine. Sodiamu huzifunika chaji za kaseini na kuipokonya kalsiamu nafasi. Wamisri hutia chumvi kwenye maziwa ya jibini ya Domiati kabla ya kuyagandisha. Maziwa huchelewa, na bonge hutoka laini. Jibini za ukoo wa Gouda, ambao fromaji ya Masisi ni jamaa yake, hupata chumvi mwishoni. Hata hapo kuna mtego: zikilowekwa kwenye maji ya chumvi mapya yasiyo na kalsiamu, ngozi yake hulainika na kuteleza. Kalsiamu inatoka, sodiamu inaingia. Fundi huongeza kloridi ya kalsiamu kidogo, yaani anatibu chumvi kwa chumvi.

Chaji huzikutanisha polima nje ya maziwa pia: mwaka 1929 Waholanzi Bungenberg de Jong na Kruyt walitoa jina la koaservesheni, kutoka neno la Kilatini la lundo. Mfano wake maarufu ni jelatini na gundi ya mgunga: katika maji yenye asidi kidogo, moja ina chaji chanya, nyingine hasi, nazo hukumbatiana na kujitenga kama matone mazito. Tia chumvi ya kutosha, matone yanayeyuka.

Hapo ndipo istilahi inapotakiwa. Kwa polima zinazoshikana hivyo, "polima changamano" siitaki. Msomaji ataona polima ngumu kueleweka, kama zilivyo namba changamano kwa wengi wetu. Napendelea fungamano la polima. Mwisho wa -mana unabeba ushirika wenyewe, na kitenzi chake kinageuka kwa urahisi: polima zinafungamana, chumvi ikizidi zinafunguka. "Kuganda" libaki kwa chombo kizima kinapokoma kumwagika. Na "ukolezi", yaani wingi wa chumvi ndani ya maji, tuushukuru. Umetoka kwa wapishi, na wanakemia hawakuuharibu.

Chumvi yenyewe haihitaji jina jipya. Ngeli inatosha: chumvi hii ni ya jikoni, chumvi hizi ni za kemia. Mwalimu akiandika ubaoni "chumvi hizi huathiri mafungamano," mtoto aliyekulia jirani na nyumba ya fromaji atanyosha mkono kuuliza zipi.