Umetoka Lugulu na Unataka Kusomea Netiweking Kampo? Chanuka na Hii Kwanza

Kila mwaka ikifika msimu wa KUCCPS, kuna msee wa Lugulu, Misikhu ama Kiminini ameketi kwa saiba na list ya kozi mbele yake, na mwenye saiba anamharakisha ju laini ni ndefu. Anaona "IT" anabonyeza. Anaona "Komputa Sayansi" anabonyeza. Hakuna mtu amemwambia kwamba huko ndani, kwa mwaka wa tatu ama wa nne, kuna yuniti moja inaitwa mitandao ya kompyuta ya ngazi ya juu, na hiyo kitu huwa inarudisha makomredi nyumbani.

Mimi ni mmoja wao. Nilidropu mwaka wa tatu. Chuo sitakitaja, na sijakuja kulia hapa. Pesa ya miwa ya mzee ilichelewa, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimeanguka hii yuniti, so hata ile fees ingekuja, ningelipia kurudia. Kwa hivyo nitakupea hii maneno vile ningependa nipewe mimi nikitoka fom foo.

Kwanza, hii kitu ni nini?

Netiweking ya msingi inakufunza vile kompyuta mbili zinaongea. Netiweking ya juu inakufunza vile kompyuta milioni kadhaa zinaongea bila kugongana, na nini hufanyika mmoja akizima. Hapo ndio tofauti iko.

Angalia hivi. Uko Bungoma mjini, unaenda Kitale. Unaeza pitia Webuye, Lugulu, Misikhu, hadi Kamukuywa. Ama unapitia Chwele na Kimilili, unatokea palepale Kamukuywa, halafu Kiminini na Kitale. Barabara ni mbili. Lori likianguka Misikhu na lifunge njia, wasee wa matatu wanapigiana simu, na kabla ujue, gari zinazunguka Kimilili.

Ruta nazo hufanya hivyo. Kuna protokali inaitwa OSPF. Kila ruta inaambia majirani wake, "mimi niko hapa, barabara zangu ni hizi, na bei ya kila moja ni hii." Kila moja inachora ramani nzima kichwani, inahesabu njia ya bei ya chini. Njia ikikatika, habari inasambaa, ramani inachorwa upya. Ukielewa matatu za Kamukuywa, umeelewa nusu ya OSPF. Hiyo nusu ingine ni hesabu, na hesabu haidanganywi.

Vitu utapatana navyo huko ndani

*Kugawa anwani.* Hapa ndio mimi nilizikwa. Unapewa anwani za 192.168.10.0/24, yaani nafasi 256. Shule inataka vyumba vinne, kila kimoja na mtandao wake. Unagawa mara nne, kila kipande kinakuwa /26 chenye nafasi 64. Ya kwanza ni jina la mtandao, ya mwisho ni ya kutangazia wote, so zinabaki 62 za mashine. Kipande cha kwanza kinaanza 0 hadi 63, cha pili 64 hadi 127, cha tatu 128 hadi 191, cha nne 192 hadi 255. Rahisi, sindio? Mimi nilikariri jedwali kama shairi. Siku ya mtihani swali likasema ofisi moja ina mashine 25, ingine 50, ingine 10, tengeneza. Jedwali halikunisaidia. Mashine 50 zinataka /26, 25 zinatoshea /27 yenye 30, na 10 zinatoshea /28 yenye 14. Unaanza na kubwa ukishuka. Leo naifanya kwa dakika mbili. Siku hiyo niliangalia karatasi masaa mawili.

*VLAN.* Swichi ni moja, lakini unaigawanya kama ploti yenye vyumba. Mashine ya bursa na mashine za wanafunzi zimechomekwa pamoja lakini hazionani. Namba ya VLAN ina biti 12, ndio maana unaeza tumia hadi 4094.

*NAT.* Anwani za IPv4 kwa dunia nzima ni kama bilioni 4.3 tu, na simu zimepita hapo kitambo. So shule inafanya vile inafanya na barua: shule nzima iko na sanduku moja la posta, halafu mwalimu wa zamu anajua barua ni ya nani. NAT ndio huyo mwalimu. Suluhisho la kudumu ni IPv6 yenye anwani za biti 128. Huku Afrika anayegawa anwani ni AFRINIC, na makao yake ni Mauritius.

*TCP na UDP.* TCP ni kama kutuma M-Pesa: hutulii mpaka mesej ya kuthibitisha iingie, na isipoingia unarudia. UDP ni kama kuitia msee wa boda akipita: ukisikika poa, usiposikika gari imeenda. Ndio maana simu ya video hukatakata lakini inaendelea, na faili ikishuka haikosi hata herufi moja.

*BGP.* Huyu ndio bazenga. OSPF inapanga njia ndani ya kampuni moja. BGP inapanga njia kati ya makampuni. Kila kampuni ya intaneti inatangaza, "anwani hizi ziko kwangu, pitia hapa." Na mara nyingi majirani huamini tu. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni moja ya simu Pakistan ilikuwa inajaribu kufunga YouTube nchini mwao, tangazo likavuja nje, na YouTube ikapotea kwa sehemu kubwa ya dunia kwa karibu masaa mawili. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook wenyewe walikosea wakati wa kazi ya kawaida, matangazo yao ya BGP yakaondoka, na WhatsApp na Instagram zikalala karibu masaa sita. Wewe ulikuwa unazima data na kuwasha ukidhani ni simu yako. Haikuwa simu yako.

Stori ya kebo moja ya bluu

Baada ya kudropu nilipata kazi ya kusaidia kwa saiba fulani. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua kozi, watu wamejaa hadi nje. Nikaona kebo imening'inia, nikajiambia hii imechomoka, nikaichomeka kwa swichi. Sikujua ule upande mwingine ulikuwa tayari kwa swichi hiyohiyo.

Mashine zote zikakwama. Zote. Taa za swichi zikaanza kuwaka kama disko matanga. Tulizima ruta tukawasha, tukapigia kampuni ya intaneti, tukalaumu Kenya Power. Nusu saa nzima. Kuna dem alikuwa amejaza kila kitu, amebakisha kubonyeza tu, na alikuwa analia polepole bila kusema kitu.

Kile nilikuwa nimefanya kinaitwa lupu. Tangazo linaingia kwa swichi, linatokea kwa kebo, linarudi kwa swichi, linazidishwa, mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Na dawa yake nilikuwa nimeisoma! Inaitwa STP, ilitungwa 1985 na mama mmoja anaitwa Radia Perlman. Swichi zinaongea, zinapata kwamba kuna mzunguko, zinafunga mlango mmoja. Swichi yetu ya bei ya chini haikuwa nayo. Nilikuwa nimeandika hiyo jibu kwa kat na nikapata maksi, lakini kebo ilipokuwa mkononi mwangu sikuikumbuka. Mwishowe nilichomoa waya moja moja hadi taa zikatulia. Yule dem alituma form yake. Mimi sikulala vizuri.

Ndio nakuambia: hii yuniti haisomwi kwa notisi. Inasomwa kwa mikono.

Intaneti inafikaje Lugulu?

Watu hudhani ni setilaiti. Zii. Kitambo kweli ilikuwa setilaiti, na ilikuwa ghali na polepole. Mwaka wa 2009 kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Kutoka Mombasa kebo za faiba zinapanda Nairobi na kuja hadi magharibi, halafu milingoti ya simu na makampuni ya intaneti yanakuletea.

Kebo zikikatika unaskia. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kusini, na intaneti ikawa kobe Kenya na nchi jirani. Hakuna mtu wa Lugulu alikuwa amekosea kitu, lakini video hazikufunguka.

Na kuna kitu doo haiwezi nunua. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa mwisho wa kebo ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata ulipie kifurushi gani. Wale wa gemu mnajua hiyo uchungu. Ndio maana Kenya ina KIXP, mahali makampuni ya intaneti yanakutana Nairobi na kubadilishana paketi. Kabla yake, barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda ingine ya Nairobi ilikuwa inazunguka ng'ambo. KIXP ilifunguliwa mwisho wa 2000, Telkom Kenya wakalalamika, serikali ikaifunga, na ikarudi 2002. Hiyo fight ilikuwa ya netiweking na siasa kwa sahani moja.

Vyuo navyo viko na KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanza 1999. Wifi ya kampo yako inaeza kuwa inapitia hapo.

Unasomea wapi karibu na nyumbani?

Chuo Kikuu cha Kibabii kiko hapo barabara ya Chwele, Bungoma. Masinde Muliro, MMUST, kiko Kakamega. Vyote vinafunza mambo ya kompyuta. Digrii inataka C+ ya KCSE na kuendelea, na kozi ni miaka minne. Ukiwa na C- hujaisha: diploma inakubali, na Kitale National Polytechnic iko. Kuna wasee wanaanza na diploma, wanashika waya mapema, halafu wanaingia digrii wakiwa wamekomaa kuliko wale waliotoka fom foo moja kwa moja.

Kabla ubonyeze, uliza mambo matatu. Maabara iko na ruta na swichi ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Darasa langu tulikuwa zaidi ya arobaini kwa meza chache, wale wa mbele wakigusa, sisi wa nyuma tukichungulia. Pili, yuniti za mitandao ni ngapi kwa miaka yote? Kozi zingine ziko na moja tu. Tatu, mwaka wa atachi wanafunzi huenda wapi?

Vile hutaanguka kama mimi

Pata lapi, hata ya mitumba. Weka Cisco Packet Tracer, ni ya bure, na inakubali ujenge mtandao mzima kwa skrini bila kununua hata kebo. Weka Wireshark, nayo ni ya bure, uone paketi zikipita kwa mashine yako mwenyewe. Usichungulie za watu, hiyo ni makosa kisheria. Ukikomaa, jaribu GNS3.

Gawa anwani kila siku, dakika kumi, kwa kalamu na karatasi. Usikariri jedwali. Jifunze kubadilisha namba kuwa 0 na 1 hadi isikuogopeshe.

Haribu makusudi. Jenga mtandao kwa Packet Tracer, zima STP, tengeneza lupu, uone. Kata njia moja ya OSPF, uone ramani ikibadilika. Ukiharibu kwa skrini hakuna mtu analia kwa laini.

Na CCNA? Ni cheti cha Cisco, mtihani wake ni takriban dola 300 na kinaisha baada ya miaka mitatu. Usikimbilie mwaka wa kwanza. Ifanye ukikaribia kutoka, ju waajiri wengi wanaijua.

Kazi iko?

Iko, lakini haianzi kwa ofisi yenye AC. Inaanza juu ya mlingoti na mvua inanyesha, ukipiga kichwa cha kebo nyaya nane kwa mpangilio, mteja akiuliza mbona bado. Makampuni ya intaneti, sacco, hospitali, mashule na ofisi za kaunti, wote wanahitaji mtu wa kuwaambia mbona mashine hazionani. Anayejua kutafuta shida polepole, waya moja moja, ndio anabaki.

Mimi bado naandika hapa, na jioni bado nafungua Packet Tracer. Nimeuliza kama naeza rudi na kumaliza. Wamesema nianze na ile yuniti.